FISHIE ZA MAAGIZO KATIKA ORDINATERE: ZINAKAA WAPI, NA NI GANI INA NENO LA MWISHO?

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu wapendwa,

Leo sisi wa mwaka wa mwisho tunapenda kuwaelezea jambo moja la chumba cha ordinatere, zile mashine ambazo wengine wanaziita kompyuta. Jambo lenyewe linaonekana dogo. Lakini muhula huu lilikaribia kumnyima mwenzetu pointi zake na jina lake zuri. Ulizo ni hili: ordinatere inapata wapi maagizo yake? Na kama maagizo mawili hayapatani, inatii lipi? Someni polepole mpaka mwisho, hata ninyi ambao hamupendi mashine.

1. Agizo ni nini?

Ordinatere haina akili yake yenyewe. Kila programu inapoanza kazi inapaswa kujua mambo fulani: ionyeshe saa ya wapi? Iseme luga gani? Klavie iliyofungwa hapa ni ya Kifransa (AZERTY) ama ya Kiingereza (QWERTY)? Majibu yameandikwa mbele katika fishie ndogo ndogo. Hizo njo tunaziita fishie za maagizo. Katika sistemu ya Linux, ile iliyo katika mashine zetu, nyingi kati yazo ni maandishi matupu. Unaweza kuzifungua na kuzisoma kama vile barua.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Lakini desturi ya kupanga fishie iliipokea kwa mzee wake Unix, aliyezaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani. Mwaka 1994 watu wa Linux waliandika mapatano yao ya kwanza juu ya mahali pa kila namna ya fishie, ili mtu anayetoka kwenye mashine moja kwenda ingine asipotee njia.

2. Mahali pane

Mutu mwenye kutafuta maagizo atayakuta mahali pane. Shikeni vema mahali hapa, kwa sababu yote yanayofuata yanasimama juu yake.

a) Mahali pa fundi: dosie /usr. Humo kuko maagizo yaliyoletwa na watu waliotengeneza programu. Tusiandike kitu humo. Siku programu itakapofanywa upya, fishie za fundi zitabadilishwa, na maandishi yetu yatafutika.

b) Mahali pa nyumba: dosie /etc. Humo mulinzi wa mashine anaandika mapenzi ya nyumba yetu, ni kusema ya masomo haya. Kila mutu anaweza kusoma fishie nyingi za humo, lakini mulinzi peke yake njo anaweza kuziandika.

c) Mahali pa mutu: dosie yako mwenyewe, /home pamoja na jina lako. Kwa kifupi inaandikwa kwa alama ~. Fishie za maagizo humo zinaanza mara nyingi na nukta, kama .profile, na nukta hiyo inazificha. Ukiandika ls hutaziona. Andika ls -a, zitatokea. Programu mingi za siku hizi zinaweka zao ndani ya ~/.config.

d) Neno la mdomo. Ni lile unalosema wakati ule ule wa kutuma amri. Linadumu kwa amri ile tu, kisha linakwisha.

Kwa kawaida, aliye karibu zaidi na kazi njo anasikiwa. Neno la mdomo linashinda agizo la mutu, agizo la mutu linashinda la nyumba, na la nyumba linashinda la fundi. Tunasema «kwa kawaida», kwa kuwa kuko mambo mengine tutakayoyaona chini.

3. Mfano wetu: saa ya Kinshasa na saa ya Lubumbashi

Inchi yetu iko na saa mbili. Kinshasa na magharibi wako saa moja mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Sisi wa Lualaba, pamoja na Lubumbashi na mashariki yote, tuko saa mbili mbele. Kila mutu hapa Mutoshi anajua: radio ya Kinshasa ikitangaza 19 h, kwetu ni 20 h. Na ukimpigia simu mjomba wa Kinshasa asubui sana, utamwamsha.

Ordinatere nayo inapaswa kujua iko upande gani. Fundi alileta orodha ya saa za dunia nzima katika /usr/share/zoneinfo. Ndani yake kuko dosie Africa, na ndani ya Africa kuko Kinshasa na Lubumbashi. Hapo ni mahali pa fundi.

Katika mahali pa nyumba kuko /etc/localtime. Hii ni alama tu, inaelekeza kwenye moja ya fishie zile za fundi. Ukiandika:

ls -l /etc/localtime

mashine itakuonyesha inaelekea wapi. Kama mwisho wa mustari ni Africa/Kinshasa, mashine nzima inasema saa ya Kinshasa, hata kama imewekwa Kolwezi katikati ya mji.

Katika mahali pa mutu, unaweza kuandika mustari huu ndani ya ~/.profile yako:

export TZ=Africa/Lubumbashi

Tangu siku ile, kila ukiingia kwa jina lako, utaona saa ya Lubumbashi. Mwenzako anayeingia kwa jina lake ataendelea kuona ile ya nyumba.

Mwisho, neno la mdomo:

TZ=Africa/Kinshasa date

Amri hii inaonyesha saa ya Kinshasa mara moja tu. Angalieni herufi tatu zinazofuata saa: WAT ni ya Kinshasa, CAT ni ya kwetu.

Jiangalieni na mutego mumoja. Wengine wameandika TZ=Africa/Kolwezi, kwa mapendo ya mji wetu. Jina hilo haliko katika orodha ya fundi; orodha haichukui miji yote. Na mashine hailalamiki! Inarudi kimya kwenye saa ya UTC, na saa yako inakwenda nyuma kwa saa mbili. Kumbe mashine haikusikia Kolwezi hata kidogo.

4. Kazi iliyosemwa kwamba imechelewa

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwalimu alitoa zoezi, akasema kazi iwekwe katika dosie yake mbele ya 10 h 00. Msichana mumoja wa kalasi ya chini aliweka yake. Mwalimu aliposoma orodha kwa ls -l, akakuta 10 h 40. Akaandika zero. Msichana akalia: «Mwalimu, miye nilirudisha mbele ya kengele!» Akafungua orodha ile ile kwa jina lake mwenyewe, na hapo ikaonyesha 9 h 40. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba amegeuza saa kwa udanganyifu. Baba Prefe akatuomba tuangalie.

Mashine ni moja, fishie ni moja, lakini saa ni mbili. Inawezekana namna gani? Tulikuta mambo matatu.

La kwanza: mashine iliwekwa sistemu yake kwa saa ya Kinshasa, na hakuna aliyebadilisha /etc/localtime.

La pili: mwalimu aliona zamani kwamba saa inabaki nyuma. Akatengeneza mahali pake tu, kwa kuandika TZ=Africa/Lubumbashi ndani ya ~/.profile yake. Kwake ikawa sawa. Kwa wengine wote hapakubadilika kitu.

La tatu: kisha umeme ulikatika siku nyingi, na pile ndogo iliyo ndani ya mashine ilikuwa imekwisha nguvu. Bila pile, mashine inasahau saa kila inapozimika. Mutu aliyekuja kusaidia akaiwasha, akaangalia saa yake ya mukono, akasogeza saa ya mashine mpaka zikafanana. Hakujua kwamba mashine inajiona iko Kinshasa. Kwa macho saa ikawa ya kweli. Ndani, mashine ilikuwa imekwenda mbele ya saa ya dunia kwa saa moja nzima.

Hapa inafaa kujua namna ordinatere inavyoandika saa ya fishie. Haiandiki «9 h 40». Inaandika hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya UTC. Ni wakati wa kuonyesha tu njo inageuza hesabu ile kuwa saa ya Kinshasa ama ya Lubumbashi, kwa kufuata maagizo ya yule anayesoma.

Basi tupige hesabu. Msichana aliweka kazi wakati kengele zetu zilikuwa 9 h 40. Saa ya kweli ya dunia ilikuwa 7 h 40, lakini mashine iliyosogezwa iliandika 8 h 40. Yeye alisoma kwa agizo la nyumba, saa ya Kinshasa: 8 h 40 na moja, 9 h 40. Mwalimu alisoma kwa agizo lake mwenyewe, saa ya Lubumbashi: 8 h 40 na mbili, 10 h 40. Wote wawili walisema kweli juu ya kile walichokiona.

Ushuhuda ulipatikana kwa njia mbili. Kwanza, kengele ya 12 h ilipolia tuliandika date -u, amri inayoonyesha saa ya dunia bila kufuata eneo lolote. Ilipaswa kusema 10 h. Ikasema 11 h. Pili, tulisoma orodha yote ya mwalimu. Wanafunzi waliotoka chumbani mbele ya kengele ya 9 h walionekana humo na 9 h 50. Kalasi nzima ilikuwa imesogezwa saa moja, ila wengine hawakupita 10 h, kwa hiyo hakuna aliyeona. Mwalimu alifuta zero mbele ya wote, na tunamushukuru.

5. Wa mwisho kusomwa, ama wa kwanza kupatikana?

Wengine watauliza: njo kusema wa karibu anashinda sikuzote? Hapana. Inafaa kujua programu inasoma namna gani. Kuko desturi mbili.

Desturi ya kwanza: programu inasoma fishie zote moja kwa moja, na ile inayosomwa mwisho inafunika zilizotangulia. Ni kama ubao: mwalimu wa saa ya pili anafuta maandishi ya mwalimu wa saa ya kwanza. Unapoingia, bash inasoma /etc/profile ya nyumba, kisha fishie yako. Kama zote mbili zinataja TZ, yako inabaki.

Desturi ya pili: programu inatafuta kwa utaratibu, na ikipata jibu la kwanza inaacha kutafuta. Mfano ni majina ya mashine kwenye intaneti. Fishie /etc/nsswitch.conf iko na mustari unaoanza na hosts. Ukisema «files dns», mashine inaangalia kwanza /etc/hosts, fishie ya nyumba. Jina likipatikana humo, haiendi kuuliza nje.

Bash yenyewe inachanganya desturi hizi mbili, na hapa wengi wanaanguka. Katika dosie yako inatafuta ~/.bash_profile, kisha ~/.bash_login, kisha ~/.profile. Inasoma ya kwanza inayoipata, zingine inaziacha. Kwa hiyo mutu aliye na ~/.profile nzuri, siku akitengeneza ~/.bash_profile mupya, ataona maagizo yake ya zamani hayafanyi kazi tena. Hayakufutika, hayasomwi tu.

Kwa luga nako kuko utaratibu wake. LANG ni agizo la jumla. Agizo la jambo moja, kwa mfano LC_TIME kwa majina ya siku na miezi, linashinda LANG. Na LC_ALL linashinda yote. Kama mashine yako iko na sw_TZ, jaribu:

LC_ALL=sw_TZ.UTF-8 date

utaona tarehe kwa Kiswahili, na mashine yote itabaki katika Kifransa.

Wenye kutumia Windows wasiseme kwamba haya hayawahusu. Huko maagizo mengi yako katika kitabu kimoja kikubwa, nacho kiko na sehemu ya mashine, HKEY_LOCAL_MACHINE, na sehemu ya mutu, HKEY_CURRENT_USER. Sehemu ya mutu inakaa katika fishie iliyofichwa, NTUSER.DAT, ndani ya dosie yake. Majina ni mengine, ulizo ni lile lile.

6. Desturi na kufuli

Katika masomo ya civisme tulifundishwa kinyume cha haya: aliye juu anashinda. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iko juu ya sheria, sheria iko juu ya agizo la waziri, na kanuni ya ndani ya masomo yetu iko chini ya hayo yote. Mukubwa wa wanafunzi hawezi kufuta neno la Katiba kwa sababu tu yeye iko karibu na bweni!

Katika ordinatere kuko mambo ya namna mbili, na tusiyachanganye. Kuko desturi: saa, luga, rangi ya ekra. Juu ya haya nyumba inasema, «Fanyeni hivi, kama hamuna neno lingine.» Hapo aliye karibu anashinda. Tena kuko kufuli: nani anaruhusiwa kuandika katika /etc, nani anaweza kutumia nguvu za mulinzi (yameandikwa katika /etc/sudoers), na makatazo ambayo mulinzi ameweka kwa Firefox katika /etc/firefox/policies/policies.json. Hapo nyumba inashinda, na mutu akiandika kinyume katika dosie yake hatasikiwa. Njo maana mwanafunzi anaweza kubadilisha saa anayoiona yeye, lakini hawezi kubadilisha saa ya mashine. Msichana wetu, hata kama angetaka kuigeuza, hakuwa na ufunguo.

7. Mashauri yetu

Mukiona ordinatere inafanya jambo ambalo hamukulitazamia, fanyeni hivi.

Kwanza, musiguse kitu. Ulizeni: jambo hili linaonekana kwa watu wote, ama kwa jina langu tu? Ikiwa kwa wote, tafuteni katika /etc. Ikiwa kwako tu, angalia dosie yako kwa ls -a. Kwa saa, andika echo $TZ. Ikitoa jina, agizo liko kwako. Ikinyamaza, unafuata nyumba.

Pili, tengenezeni mahali panapostahili. Kosa la nyumba lisitengenezwe katika dosie ya mutu mumoja, maana wengine watabaki na kosa na hamutaelewana tena. Kosa la eneo la saa lisitengenezwe kwa kusogeza saa. Kwetu mulinzi aliandika kwanza:

timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

kisha akarudisha saa ya mashine nyuma kwa saa moja, na mwalimu akaondoa mustari wa TZ katika ~/.profile yake kwa kuwa haukuwa na kazi tena. Fishie za zamani zinabaki na hesabu yao ya uongo. Kwa zile tunatoa saa moja tunapozisoma. Pile mupya nayo imewekwa.

Tatu, andikeni. Tumefungua kaye kwenye meza ya chumba cha ordinatere. Anayebadilisha agizo lolote la nyumba aandike tarehe, jina la fishie, mustari wa zamani na mustari mupya. Kama kaye hiyo ingekuwako tangu mwanzo, yule aliyesogeza saa angesoma kwamba mashine iko katika saa ya Kinshasa.

Nne, mbele ya kusema mwenzako anadanganya, uliza alisoma saa kwa agizo gani.

Alhamisi nyuma ya masomo tutakuwa katika chumba cha ordinatere, ikiwa umeme uko. Anayetaka kujaribu amri hizi kwa mukono wake aje na kalamu.

Ni sisi,
Mukubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya wenzake wa mwaka wa mwisho,
Mutoshi.